Baraza Lililoelekea Jua

Siku ya kwanza ya kazi yangu niliambiwa nivue viatu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa mjini Tabora, na asubuhi ile nilikuwa nimevaa viatu vya kung'aa nilivyoazima kwa binamu yangu ili nionekane mtu. Bruda Anselmo, Mwitaliano aliyekuwa msimamizi wa majengo ya Askofu Mkuu, alinitazama miguuni, akanitazama usoni, akasema, "Huyu fundi amekuja kazini au harusini?" Kisha akanionyesha shimo la udongo wa matofali. "Vua, uingie ukanyage."

Loh! Nikakanyaga udongo tangu saa moja hadi adhuhuri, na mimi nilijiona fundi kamili, maana baba yangu alikuwa mpiga lipu anayejulikana mji mzima na nilishika mwiko wake kabla sijajua kusoma. Lakini Bruda hakuwa na haraka ya kujua baba yangu ni nani. Alinikanyagisha udongo wiki mbili, ndipo akanipa timazi. Nyinyi vijana mnaonisoma mnapima ukuta kwa mwanga mwekundu unaotoka kwenye kidude. Sisi tulikuwa na timazi, kipande cha risasi kinachoning'inia kwenye uzi, na hakikuhitaji chaji.

Msikitini wenzangu walinitania sana. "Haya, Fundi wa Askofu, umeshafundishwa kupiga kengele?" Nikawajibu kuwa ukuta hauulizi dini ya mpiga lipu, unauliza kama mchanga umechekechwa. Nilifanya kazi ile miaka thelathini na minane, na hakuna hata siku moja niliyozuiwa kwenda kuswali Ijumaa. Bruda mwenyewe ndiye aliyekuwa akinikumbusha saa ikifika.

Wakati ule nyumba ya Askofu Mkuu ilikuwa nusu tu. Bruda alikuwa akiimalizia kwa mchoro wake mwenyewe, alioutoa kwenye kumbukumbu ya jumba la Askofu Mkuu la mji aliozaliwa, kwao Italia. Saa ya chakula alitandaza ile karatasi juu ya mbao, akaizuia kwa matofali manne, akatusomesha. Alisema kuwa kwao, zama za kale, askofu mkuu hakuwa mtu wa kusalisha tu, alikuwa pia kadhi na liwali na mwenye ghala. Ndiyo maana jumba lake liko ubavuni mwa kanisa kuu, na mara nyingi ipo njia ya juu, kama daraja lenye paa, inayomtoa chumbani hadi kanisani bila kukanyaga barabara. Chini ni maghala ya nafaka na mafuta, na chumba kimoja cha kufungia wahalifu. Katikati ni ua wenye kisima, umezungukwa na matao. Ghorofani unapanda kwa ngazi pana, vidato vyake vifupi ili mzee mwenye kanzu ndefu asijikwae, na huko ndiko uliko ukumbi mkubwa wa kupokelea watu, dari ni ya mbao, na ukutani zimechorwa nembo za maaskofu wakuu wote waliopita.

Nikasema, "Bruda, sasa hilo si tembe lenye ghorofa?"

Wenzangu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akataka kujua tembe ni nini. Jumamosi nikampeleka akaone yale magofu ya zamani, nyumba za kuta nene za udongo, paa bapa na ua wa ndani, zilizojengwa na wakubwa wa misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji na kurudi pwani. Bruda akaweka kiganja chake ukutani akakiacha pale muda mrefu. Akasema, "Unene ni ule ule." Tangu siku hiyo tulipendana.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Mbele ya jumba lile la kwao, nje kabisa, chini ya ukuta unaotazama mawio, palikuwa na benchi refu la mawe lililoshikamana na nyumba. Bruda alitueleza kuwa lile lilikuwa la watu wenye shida. Mjane, mkulima, mtu aliyedhulumiwa, yeyote alikuwa na haki ya kukaa pale, na Askofu Mkuu akitoka hana budi kumwona.

"Baraza!" nikasema.

"Baraza," akajibu, akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu safarini. Kazi ya kulijenga akanipa mimi.

Nililijenga kwa roho yangu yote. Msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, juu nikalifunika mawe bapa niliyoyasugua mpaka yakawa laini kama sahani. Ukuta wa nyuma nikaupaka chokaa nyeupe tabaka tano. Lakini siku ile ya kwanza tu, tunavuta uzi wa kupigia mstari, nilisimama pale saa tatu asubuhi nikahisi jua mgongoni, nikatazama juu nikaona hakuna hata ncha ya paa ya kulizuia. Nikajua. Wallahi nilijua. Hili litakuwa jua tupu toka linapochomoza hadi saa sita, na saa hizo ndizo watu watakazokuja. Baba yangu alipita kuniona, akalitazama, akasema, "Mrisho mwanangu, hapa mnajenga baraza au jiko la mkate?"

Nikaenda kwa Bruda. Nikafungua kinywa. Lakini Bruda alikuwa na neno lake alilolirudia kila asubuhi, "Mchoro ndio mkubwa wetu sote, hata mimi." Na mimi nimelelewa kuwa mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya kazi yake. Nikamwambia, "Bruda, naona benchi limekaa sawa." Akanipiga bega. Siku ya kufungua nyumba wageni walilisifu baraza lile kuliko ukumbi, tukapigwa picha, mimi katikati, na mwezi uliofuata nikafanywa fundi mkuu. Hayo ndiyo malipo ya kunyamaza kwangu, na nayaandika kwa aibu.

Baada ya hapo nilitumwa huku na huku. Igunga nilipambana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ukipasua na kuta. Kule nilijifunza kuchimba msingi mpaka nipate changarawe hata kama Padri wa pale amenuna. Usinge, karibu na misitu, adui alikuwa mchwa. Mama Mkuu wa masista wa kule, mwanamke mkali mwenye sauti ndogo, alinipokea kwa kunionyesha boriti ya kanisa. Akaigonga kwa kidole, kidole kikaingia. "Fundi," akasema, "hii boriti inasimama kwa sala zetu, nasi tumechoka." Nikamwekea boriti ya mninga, mti usioliwa na mchwa, na mpaka leo imo. Bruda naye uzee ukamfikia, akarudi kwao. Siku anaondoka stesheni tulishikana mikono tusiachiane, mpaka treni ikaanza kwenda.

Ndipo akaja Askofu Mkuu mpya. Alikuwa mtu wa kusini mwa nchi, mpole, mrefu, mwenye aibu ya macho. Akasikia habari za lile baraza na maana yake, akapenda sana. Akatangaza makanisani kote kuwa kila Jumatano asubuhi atakuwa hapo, mwenye shida aje, bila barua wala miadi. Jumatano ikafika, akafungua mlango wa mbele, akakaa ukumbini akitazama nje. Hakuja mtu. Jumatano ya pili hivyo hivyo. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha, na kila Jumatano mlango uko wazi na benchi langu jeupe linang'aa pale, tupu.

Watu walikuja, jamani! Walikuja kutoka Nzega, Igunga, Usinge, wengine wamelala njiani. Wakiwa bado barabarani wanaliona lile benchi linawaka, mwenye akili hakai. Tena kwetu mtu mwenye shida haendi kujisimamisha mlangoni kwa mkubwa, anazunguka nyuma awasalimie kwanza akina mama wa jikoni. Na nyuma ya nyumba, chini ya ukuta wa jiko unaotazama machweo, asubuhi yote kuna kivuli kizuri. Mama Tekla, mpishi, Mnyamwezi wa Itetemia, aliwapokea hapo. "Mwangaluka, karibuni, kaeni," maji yakatoka, karanga zikatoka. Baadaye Padri Katibu akashuka na daftari lake, akawasikiliza kwa upole, akaandika, akawajibu aliyoweza, wakaenda zao. Yeye alidhani anamsaidia Baba asichoke. Watu nao walidhani ndio utaratibu. Kila mmoja alitenda wema wake, na Baba Askofu akaachwa peke yake mbele.

Siku moja nilikuwa ofisini kwake natengeneza bawaba ya dirisha. Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimempa mgongo, nikasikia anasema polepole, "Fundi, wewe ni mwenyeji hapa. Nimewakosea nini watu hawa?"

"Hujawakosea, Baba Askofu."

"Shida zao naletewa kwenye karatasi. Nyuso zao wananificha. Sikulaumu mtu, lakini mchungaji asiyetakiwa na kondoo anakaa kufanya nini? Nitangoja mpaka Pasaka. Ikiwa hali ni hii hii, nitaandika barua niwaombe wakubwa waniondoe hapa."

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kulisema maana yake ni kusema kuwa kazi iliyonipa jina ni kosa, na kuwa nililijua kosa lile nikalipaka chokaa. Nikamwambia, "Mungu atasaidia, Baba." Nikafunga bawaba nikatoka. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula, mke wangu akaniuliza kama nina homa, nikamwambia ndiyo.

Mwezi ule ule barua ya Bruda ikaja. Jumba la Askofu Mkuu la mji wao lilikuwa linakarabatiwa kwa chokaa ya kizamani, naye alikuwa ameniombea nafasi ya kujifunza miezi miwili. Nikaenda. Enyi watu, baridi ile! Ilikuwa Februari, nilivaa fulana tatu na koti la Bruda juu. Asubuhi ya kwanza akanishika mkono, mzee wa fimbo sasa, tukaenda kuliona jumba.

Nililitambua kabla hajasema kitu. Lile lango, yale madirisha, hata nafasi kati ya nguzo na nguzo, vyote nilikuwa nimevijenga Tabora vikiwa vidogo zaidi. Na mbele palikuwa na lile benchi, limejaa watu! Wazee wa kiume na wa kike, wamekaa bega kwa bega, mikono mifukoni, wamefumba macho, wamelielekezea jua nyuso zao kama mijusi kwenye jiwe. Bruda akatafuta nafasi tukaketi. Mgongo wangu ukagusa ukuta, ukuta ulikuwa na joto, na jua likanishika usoni. Baridi ikanitoka mwilini. Nikaelewa kwa nini aliyejenga pale alilipa benchi lake jua, maana huko jua ndilo sadaka anayogawiwa maskini anayengoja.

Machozi yakanitoka. Bruda akadhani ni baridi.

"Bruda," nikasema, "nina neno. Lile baraza letu halikaliwi."

"Limepasuka?"

"Halijapasuka. Jua. Linaunguza watu, wanakimbilia nyuma jikoni. Baba Askofu anadhani hawamtaki, na Pasaka ikifika anaomba kuondoka."

Akatazama mikono yake, ile iliyochora. "Ulijua lini?"

"Siku ile tunavuta uzi."

"Na hukuniambia."

"Ulisema mchoro ndio mkubwa wetu."

Kengele ya kanisa ikapiga. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kilichokuwa bado kizima, "Mimi nilikuwa mpumbavu. Nilikumbuka kwetu, nikasahau kwenu. Lakini na wewe, Mrisho, ulikuwa mpumbavu mwenzangu. Ungeniambia, ningekasirika siku moja tu."

Akaniingiza ndani. Hakunionyesha uzuri safari hii, alinionyesha makovu. Hapa mlango uliozibwa: askofu mkuu mmoja aliuona unaingiza upepo. Hapa madirisha yaliyotanuliwa: wa zamani aliyachonga membamba kwa kuogopa vita, aliyemfuata akataka mwanga. Pale ngazi ilivunjwa ikajengwa upya kwa sababu aliyekuwepo alikuwa mgonjwa wa miguu. Ukumbi ulikuwa umepandishwa dari, ukashushwa, ukapandishwa tena. "Umeona?" akasema. "Watu wanadhani jumba kama hili lilijengwa mara moja. Miaka mia kadhaa mafundi wanasahihisha mafundi. Nenda kasahihishe." Na akaniambia nisingoje miezi miwili iishe.

Nilifika Tabora wiki tatu kabla ya Pasaka. Kesho yake, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikavua kofia mbele ya Baba Askofu Mkuu. Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyewafukuza watu wako. Tafadhali njoo nikuonyeshe."

Alinifuata nje bila kuuliza. Nikamwomba akae kwenye baraza langu. Akakunja kanzu akakaa. Sijui kama alihesabu hadi tano. "Ala!" akaruka, mkono nyuma, akageuka kulitazama jiwe kama limemng'ata. Mimi sikucheka, ingawa Mungu anajua hali ilikuwa ya kuchekesha. Nikamweleza yote, uzi, mchoro, picha niliyopigwa, bawaba ya dirisha, jiko la Mama Tekla, daftari la Padri Katibu. Nilipomaliza nikangoja anifukuze kazi.

Alikuwa amevua miwani. Akasema, kwa sauti ndogo sana kwa mtu mkubwa kama yule, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Baba. Ni jua. Jua na mimi."

Akafuta miwani kwa upindo wa kanzu, akaifuta tena, na ilikuwa safi.

Yale matao saba mnayoyaona leo mbele ya nyumba nilianza kuyajenga baada ya Pasaka. Kila tao nililifanyia kalibu, yaani umbo la mbao la kulishikilia mpaka chokaa ishike, na jiwe la kufungia juu niliweka mwenyewe, sikumwachia mtu. Paa la vigae likatoka nje hatua tatu, benchi likapata kivuli kutwa nzima. Mpwa wake Bruda alimwonyesha picha kwenye simu, naye akanijibu kuwa nguzo ya mwisho anaiona imeinama kidogo, niipime tena. Nikaipima. Ilikuwa imenyooka, mzee alikuwa ananichokoza. Barua ya kuomba kuondoka haikuandikwa, na Baba Askofu yule alikaa nasi mpaka nywele zake zikawa nyeupe.

Mimi nimestaafu sasa. Nakaa kwangu Itetemia, magoti yanauma, mwiko wa baba yangu nimempa mjukuu wa kike anayesomea ujenzi. Yeye ndiye aliyeniambia, "Babu, andika." Huyu hanyamazi akiona kosa, ananikosoa hata namna ninavyopanda mahindi, nami nagombana naye huku nafurahi. Nawaambia na nyinyi mnaoanza kazi: msimamizi wenu akichora vibaya, msalimieni kwa heshima zote, shikamoo yake mpeni, kisha mwambieni siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na adabu nyingi, na adabu yangu ilimfanya mtu mwema akae miaka miwili akijiona hapendwi. Hilo bado linaniuma nikikaa peke yangu.

Ila nimeruka jambo moja, nalo ndilo nililotaka kulisema tangu nishike kalamu. Ni la kesho yake baada ya Baba Askofu kuruka benchini, ile Jumatano, kabla sijagusa tofali hata moja.

Baba Askofu hakufungua mlango wa mbele. Saa tatu akapita jikoni. Mama Tekla alikuwa anachekecha unga, akamwona, akabaki na chekeche hewani. "Baba, umepotea? Chai inaletwa!" Akamwambia asisumbuke, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya ukuta, nimemfuata kwa woga.

Palikuwa na watu kama ishirini pale chini, wameegemea ukuta, miguu wameinyoosha, wengine na vifurushi. Wote wakainuka kwa kishindo. Padri Katibu akakimbilia kiti. Baba Askofu akamzuia kwa mkono. Akasimama pale mbele yao, nje ya kivuli, kwenye jua, na wao wamesimama wanamtazama.

Kisha mama mmoja mtu mzima kutoka Usinge, aliyekuwa amekuja mara tatu na mara tatu akarudi bila kumwona, akaketi tena, akasogea kidogo. Akapangusa vumbi kwa kiganja pale ubavuni mwake.

"Karibu ukae, Baba," akamwambia. "Huko unaungua bure."